Mapanki, Rosa na swali la nani atusemee

Juzi darasani nimeuliza, hivi mapanki ni chakula au ni uchafu? Darasa likacheka halafu likakaa kimya, maana nusu yao wamekulia hapa hapa Mwanza na ile harufu ya mapanki yakikaangwa pembeni ya barabara wanaijua vizuri tu. Kwa asiyejua, sangara akishatolewa minofu kiwandani kinabaki kichwa, mifupa na mkia, minofu inapanda ndege, hayo mengine ndo mapanki.

Nilikuwa nawaandaa kwa Darwin's Nightmare, ile dokyumentari ya 2004 ya Hubert Sauper, Mwaustria, kuhusu biashara ya sangara hapa Ziwa Victoria. Ilifika mpaka kwenye orodha ya kuwania Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete mwenyewe akaisema vibaya hadharani. Watu wengi wanaishia kubishana kama ni kweli au uongo, mi nadhani hapo ndo tunapotea. Ndege zilikuwepo, mapanki yapo, watoto wa mtaani wapo. Ila angalia inavyounganishwa: unaona ndege, unaona mapanki, unaona mtoto anavuta gundi, unasikia tetesi kwamba ndege hizo zinaleta silaha, na hakuna anayekuambia moja kwa moja kwamba hiki kimesababisha kile, we mwenyewe ndo unaunganisha kichwani halafu unatoka na hukumu ukidhani ni ya kwako. Hiyo ni hoja kabisa, ila imefichwa kwenye mpangilio wa picha, na hoja usiyoiona huwezi kuibishia.

Mwanafalsafa Kant aliandika 1785 kwamba mtu usimtumie kama chombo tu. Sasa yule mama wa mapanki kwenye filamu ni mtu, au ni kielelezo cha umaskini? Wahusika wanaongea sana mle ndani, sikatai, ila nafasi ya kujibu walivyopangwa hawana.

Kuna waliosema tatizo ni mgeni kutusema. Haya, mwandishi Euphrase Kezilahabi je? Mtu wa Ukerewe, ukipanda meli hapa Mwanza unashuka Nansio, kwao kabisa, na bado riwaya yake Rosa Mistika ya 1971 iliwakera watu mpaka ikapigwa marufuku mashuleni kwa kipindi. Kwa hiyo uenyeji nao haukuokoi.

Ila kuna kitu Kezilahabi anafanya ambacho nakipenda mno. Zakaria ni baba mlevi, anampiga binti yake Rosa kisa barua ya mvulana, Rosa anafika shule ya bweni hajui hata kuongea na mwanaume, mwisho wake anajiua. Ni rahisi kumlaumu baba ukafunga kitabu. Kezilahabi hafungi, wakishakufa anawapeleka wote wawili mbele za Mungu, Rosa anamshtaki baba na baba anajitetea, na msomaji unakaa katikati unatoa jasho. Mtuhumiwa kapewa mdomo.

Narudi darasani. Binti mmoja wa nyuma, huwa haongei kabisa, akasema: "Mwalimu, mama alinisomesha kwa mapanki. Kwenye hiyo filamu angeonekana wa kuhurumiwa, wakati mtaani kwetu yeye ndo alikuwa anakopesha watu." Nikakosa la kusema, nikajifanya nafuta ubao.

Alhamisi tunasoma ile kesi ya Rosa na Zakaria. Nusu darasa mtakuwa upande wa Zakaria, na nitapanga mimi, msije mkanikimbilia wote kwa Rosa.