Udhibiti wa bunduki sio kunyang'anya bunduki

Jamani kila yakitokea mauaji ya risasi kule Marekani, siku mbili hazipiti nasikia redioni na kwenye magrupu eti Wademokrati wanataka kupiga marufuku bunduki na Warepublican wamekataa. Udhibiti wa bunduki ni sheria zinazoamua nani auziwe bunduki, ya aina gani na kwa masharti gani. Maana yake ndo hiyo.

Neno lenyewe linajieleza. Kudhibiti limetoka kwenye Kiarabu, mzizi wake ni kushika kitu barabara kisikuponyoke, na dhabiti nalo ni la mzizi huohuo. Sasa utashikaje kitu ambacho hakipo? Kiungo akidhibiti mpira mpira anao mguuni, hajautoa uwanjani, na Benki Kuu ikidhibiti mfumuko wa bei haijafuta bei sokoni. Marufuku ni neno lingine kabisa, na kunyang'anya ni la tatu.

Inaniuma kwa sababu ugomvi wa kule kwenyewe umekaa hapohapo. Marekebisho ya pili ya katiba yao, ya 1791, yanalinda haki ya kuwa na silaha, na 2008 kwenye kesi ya Heller majaji wa Mahakama ya Juu ya kule, 5 kwa 4, walisema ni haki ya mtu mmoja mmoja, ila hukumu hiyohiyo ikasema haki hiyo ina mipaka. Watu wanaruka hicho kipande cha mwisho. Mwanasiasa akisema "wanakuja kuchukua bunduki zenu" mwenye bunduki anaona katiba inavunjwa, hasikilizi tena muswada umeandikwa nini.

Desemba 2012 pale Sandy Hook waliuawa watoto 20 na watu wazima 6, shuleni. Aprili iliyofuata maseneta Manchin, Mdemokrati, na Toomey, Mrepublican, wakapeleka Seneti pendekezo kwamba anayenunua bunduki kwenye maonyesho au kwa tangazo la mtandaoni naye achunguzwe rekodi yake ya uhalifu kama wa dukani, tena ndani yake wakaikataza serikali kutengeneza daftari la wenye bunduki. Likapata kura 54, zilitakiwa 60, likafa. Hakuna mtu angechukuliwa bunduki yake! Hata ile marufuku ya kweli ya 1994 mpaka 2004 ilizuia kutengeneza na kuuza bunduki mpya za aina fulani, aliyekuwa nayo alibaki nayo. Na 2022 baada ya mauaji ya shuleni Uvalde, waliuawa watoto 19 na walimu 2, ilipita sheria ya kumchunguza zaidi mnunuzi wa chini ya miaka 21, Warepublican 15 wa Seneti wakaipigia kura. Huo ndo udhibiti.

Najua mtu ataniuliza mbona Australia. Ni kweli, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur 1996 walipiga marufuku aina nyingi za bunduki zinazojipakia risasi zenyewe, na serikali ikazinunua kwa lazima, kama 650,000 hivi, ila mkulima wa kule mpaka leo anamiliki bunduki kwa leseni, kama hapa Tanzania mwenye kibali anavyomiliki.

Kwa hiyo ndugu zangu watangazaji, muswada ukihusu kumchunguza mnunuzi semeni udhibiti, ukihusu aina fulani isiuzwe semeni marufuku ya aina hiyo na muitaje, na kunyang'anya tuliseme pale tu mtu anapopendekeza kweli kuchukua zilizo mikononi mwa watu.