Kushuka Miami asubuhi, kupanda Fort Lauderdale mchana

"Mwanangu, ile meli yetu inarudi Jumapili. Nimeona nyingine inaondoka Jumapili hiyo hiyo, ila bandari si moja. Tutawahi?"

Aliyeniuliza ni mama mmoja wa Tanga, amestaafu uuguzi, anaishi Minneapolis. Dada yake alikuwa anakuja kutoka nyumbani kumtembelea, na walishaamua kwamba wiki moja baharini haiwatoshi. Mimi ni wakala wa safari za meli za kitalii hapa kusini mwa Florida. Kabla ya hapo nilikuwa mhudumu wa vyumba melini kwa miaka sita, kama vijana wengine wengi wa Mombasa. Kwa hiyo siku hii ya kushuka na kupanda naijua kwa pande zote mbili, upande wa abiria na upande wa anayevua mashuka.

Nikamwambia: Shikamoo Mama, mtawahi. Lakini nipe siku mbili nipange.

Wengi wakiwaza jambo hili hukimbilia ramani. Miami na Fort Lauderdale ni kama kilomita 45 kwa barabara ya I-95, dakika 40 njia ikiwa wazi, saa nzima au zaidi foleni ikishika. Umbali huo haunisumbui. Ninachokitazama ni milango miwili: mlango wa meli ya kwanza unafunguliwa saa ngapi, na wa meli ya pili unafungwa saa ngapi. Barabara ni kipande kidogo tu katikati.

(Saa zote humu ni za Kiswahili. Siku hizi nikimwandikia mteja naweka na "mchana" au "alasiri" kila mara, kwa sababu nimewahi kumtumia kijana aliyezaliwa huku ujumbe wa "saa 7", naye akafika gatini alfajiri na watoto wawili wenye usingizi.)

Hesabu naianzia nyuma. Tuseme meli ya pili inaondoka Port Everglades, bandari ya Fort Lauderdale, saa 10 alasiri. Sheria ya Marekani inataka orodha ya abiria iwe imeshawafikia maofisa wa mipaka angalau dakika 60 kabla ya meli kuondoka. Ndiyo maana kaunta hufungwa saa 9 alasiri, na kampuni nyingine hufunga mapema zaidi, saa moja na nusu kabla. Si ukali wa yule binti wa kaunta. Jina lako likiwa halimo kwenye orodha iliyokwenda, hata nahodha hawezi kukuchukua, na meli utaiona hapo hapo mbele yako. Mimi nataka mteja wangu awe mlangoni saa 7 mchana. Maana yake atoke Miami saa 5 asubuhi kwa kuchelewa sana, na awe amekanyaga nchi kavu saa 4.

Upande wa pili sasa. Meli ya kwanza hufunga kamba PortMiami alfajiri, mara nyingi kabla ya saa 12. Kisha inasubiri ruhusa ya maofisa wa uhamiaji na forodha, na wa kwanza huanza kushuka kama saa 1 asubuhi. Wanaotangulia ni wale waliobeba mizigo yao wenyewe. Wengine huitwa kwa makundi, kwa rangi au namba ya lebo, mpaka saa 3 na nusu hivi.

Hapa niseme kidogo kuhusu sisi tuliokuwa ndani. Siku hiyo meli kubwa inatoa watu elfu tano na kupokea elfu tano wengine, katika masaa yasiyozidi tisa. Usiku wake tumekokota masanduku ya korido nzima mpaka lifti ya mizigo. Asubuhi kila mhudumu ana vyumba vyake, na kila chumba kinavuliwa, kinasuguliwa, kinatandikwa upya kabla ya saa 7 mchana. Ukiona mhudumu amesimama kwenye korido saa 2 asubuhi anakutazama na tabasamu la meno matupu, jua anakuombea dua utoke. Na kuna jambo ambalo abiria wengi hawalijui: meli lazima ihesabiwe mpaka sifuri. Mpaka abiria wa mwisho apigishe kadi yake mlangoni, hakuna mpya anayeruhusiwa kupanda. Nimewahi kuona meli nzima ikimsubiri bwana mmoja aliyerudi kulala. Kwa msafiri wa meli mbili habari hii ina faida yake, kwani hata ukifika Port Everglades saa 4 asubuhi utakaa kwenye viti tu. Usijiue kwa mbio.

Kutangulia si kufika, lakini kuhusu mizigo natangulia. Mabasi ya kwetu yameandikwa "Abiria chunga mzigo wako", na sijaona ushauri bora zaidi kwa siku hii. Mara yangu ya kwanza kufanya safari mbili hivi nilijitia ubosi, nikaacha sanduku nje ya mlango wa chumba usiku kama abiria wengine, wenzangu wa zamani walibebe. Asubuhi nikashuka ukumbini, safu za masanduku kama uwanja wa mpira, langu halipo. Lilikuwa jeusi. Masanduku yote ya dunia ni meusi. Mtu mwenye la kufanana nalo alikuwa amelichukua, akagundua yuko kwenye basi la uwanja wa ndege, akalirudisha. Saa moja na dakika ishirini zilikwenda na maji. Nilifika mlango wa meli ya pili saa 8 na dakika 40 mchana, nimeloa jasho, mlango unafungwa saa 9. Tangu siku hiyo ninasafiri na sanduku ninaloweza kuliteremsha mwenyewe, na mteja wangu namlazimisha vivyo hivyo. Wale akina mama wawili walilalamika sana. Madera kumi na mbili kwa mtu mmoja! Tukakubaliana matano, na nguo zifuliwe melini siku ya nne au ya tano, maana ukingoja usiku wa mwisho dobi wa meli hapokei tena.

Baada ya mizigo, jambo ninalolipima zaidi ni bandari ipi itangulie. Hili mawakala wengi hawalisemi. Bandari ya kwanza ndiyo inayoweza kukuangusha, kwa hiyo chagua ile ambayo meli haihangaiki kuingia. Miami ni rahisi: mlango wa bahari uko pale pale, meli inakunja, inaingia. Tampa ni kisa kingine. Kutoka bahari kuu mpaka gati ni saa kadhaa kwenye mkondo mwembamba wa ghuba, chini ya daraja la Sunshine Skyway, na ukungu wa kipupwe ukitanda bandari inafungwa. Galveston, kule Texas, ni vivyo hivyo kuanzia Desemba mpaka Machi. Rubani wa bandari hapandi, meli inazunguka nje. (Watoto wa siku hizi wakisikia rubani wanawaza ndege. Wazee wetu wa pwani walikuwa na rubani kabla ndege hazijabuniwa.) Ukungu wa saa nne unakuwa umeshakula mchana wako wote, na hakuna wa kumlaumu. Kwa hiyo safari inayoishia Tampa au Galveston wakati wa baridi siiunganishi na nyingine siku hiyo hiyo, hata mteja aniahidi nini. Na kuanzia Juni mpaka mwisho wa Novemba ni msimu wa vimbunga. Huo una mambo yake, na sikatazi, ila bima iwe mkononi.

Bima yenyewe isomeni. Hizi ni tiketi mbili, mikataba miwili. Hata meli zote mbili zikiwa za kampuni moja, ya pili haina wajibu wa kukusubiri kwa sababu ya kwanza imechelewa. Bima nyingi hulipa kukosa muunganisho pale tu ucheleweshaji unapofikia saa tatu au zaidi, na kwa sababu zilizoandikwa humo. Foleni ya I-95 haimo.

Sasa sheria, maana kila nikitaja kubadilisha bandari hutokea mtu aliyesoma mahali kwamba ni marufuku. Anachanganya mambo. Marekani ina sheria ya mwaka 1886 inayokataza meli yenye bendera ya nje kusafirisha abiria kutoka bandari moja ya Marekani mpaka bandari nyingine ya Marekani bila kupitia bandari ya nje iliyo mbali. Na karibu meli zote hizi kubwa zina bendera ya Bahama, Panama, Malta, Bermuda na kadhalika. Inakubana ukikaa kwenye meli ile ile. Mfano: umepanda Los Angeles ukaenda Vancouver, ukabaki humo humo na meli ikaendelea mpaka Alaska, ukashuka huko. Kwa sheria hiyo umesafirishwa kutoka Los Angeles mpaka Alaska, na Vancouver haihesabiwi kuwa mbali. Aruba na Curaçao zinahesabiwa, Bahama hapana. Lakini ukishuka Vancouver ukapanda meli nyingine, safari imekatika, huna kosa. Wale mama zangu walikuwa salama zaidi: meli ya kwanza ilitoka Miami ikarudi Miami, ya pili ilitoka Fort Lauderdale ikarudi Fort Lauderdale. Sheria ya 1886 haikuwa na habari nao.

Aliyenipa kazi ni dada mgeni. Mwenyeji alikuwa na pasipoti ya Marekani, mgeni alikuwa na ya Tanzania. Kila meli inapotoka kwenda Bahama au Meksiko na kurudi Florida, yeye ameondoka nchini na anaingia upya. Safari mbili ni kuingia mara mbili, juu ya ile mara ya kwanza uwanja wa ndege. Mwenye viza ya kuingia mara moja tu akipanda meli hizi anaweza kujifungia mlango nyuma yake. Yake ilikuwa ya mara nyingi, alhamdulillahi, lakini nilimwomba anipigie picha nikaiona kwa macho yangu. Kisha nikapitia kila kituo cha njiani, nchi moja baada ya nyingine, kuona wanamtaka viza au hawamtaki. Usiridhike na neno "meli itashughulikia". Meli inashughulikia kukuacha gatini.

Forodha ni jambo dogo, ila linauma mfuko. Mkazi wa Marekani anaruhusiwa kurudi na vitu vya dola 800 bila ushuru, lakini si kila wiki. Ukishautumia msamaha huo ndani ya siku 30, safari inayofuata unashuka mpaka dola 200. Basi kama kuna saa au dhahabu unayoitaka, pima uinunue wiki ipi. Na chupa ya pombe uliyoinunua dukani kwenye meli ya kwanza usitegemee kuingia nayo chumbani kwenye meli ya pili. Wataichukua wakuwekee mpaka siku ya kushuka.

Kuna pia fomu ya afya. Mlangoni utaulizwa kama umetapika au kuharisha siku za karibuni. Abiria anayetoka meli nyingine asubuhi ile ile anatazamwa kwa jicho kali kidogo, na wana haki. Jibu ukweli. Nimesafisha vyumba vya watu waliodanganya.

Watu huniuliza jozi nyingine. San Pedro na Long Beach, California, ni jirani kabisa, hata nusu saa ya gari haifiki, hizo nazikubali bila kufikiri. New York ina gati la Manhattan, la Brooklyn, na ng'ambo kule New Jersey liko Bayonne. Karibu kwa macho, lakini madaraja na barabara za chini ya mto za mji ule hujaa magari, na teksi inayovuka jimbo bei yake ni ya kukutoa machozi. Inafanyika. Miami mpaka Port Canaveral siifanyi: ni saa tatu na nusu barabarani, na siku roketi inaporushwa kutoka pale jirani barabara zinafurika watazamaji. Wanaotaka kuruka kwa ndege kutoka bandari moja mpaka nyingine siku hiyo hiyo nawaambia watafute wakala mwingine. Nasema kwa upendo.

Kati ya Miami na Fort Lauderdale kuna treni pia, Brightline, dakika zipatazo 35. Lakini kila mwisho unahitaji teksi, na kwa wazee wenye masanduku ni kupanda na kushuka mara tatu. Nikawakodia gari moja la mlango kwa mlango. Dereva alipita njia ya chini ya maji iliyofunguliwa 2014, wakatoka kwenye kisiwa cha bandari bila kugusa katikati ya mji. Walikanyaga nchi kavu saa 2 na robo, wakanywa chai njiani, na saa 6 na nusu mchana walikuwa mlangoni Port Everglades, vitambulisho mkononi. Nikapumua, nikaenda zangu sokoni.

Saa 8 mchana simu ikalia.

"Mwanangu, tumeshaingia, meli nzuri sana, lakini chumba hakifunguki. Kadi naipitisha, taa nyekundu. Naipitisha, taa nyekundu."

"Mama, hiyo kadi uliyoshika ni ya meli gani?"

Akanyamaza. Nikasikia mkoba unafunguliwa.