Kompyuta ya maktaba: huduma ya kidijitali kwa umma ni nini?

Ni mpango ambao maktaba ya umma huweka kompyuta zenye intaneti ili mtu yeyote azitumie bila malipo, kisha ikaweka na mtu wa kumfundisha kuzitumia. Sehemu hiyo ya pili ndiyo husahaulika. Mashine kumi zisizo na mkufunzi huishia mikononi mwa waliokwisha kuzijua.

Nchini Kenya, tangu eCitizen, tovuti ya serikali ya kuombea huduma, ianze mwaka 2014, huduma nyingi za serikali zimehamia mtandaoni. Pasipoti, cheti cha tabia njema na leseni ya udereva huombwa huko. Ritani za kodi za KRA, mamlaka ya mapato, hujazwa kwenye tovuti yake ya iTax kabla ya Juni kwisha, na mkopo wa HELB, wa wanafunzi wa elimu ya juu, nao huombwa mtandaoni. Tanzania ni hivyo hivyo kwa mkopo wa wanafunzi wa HESLB na nafasi za kazi za serikali kwenye tovuti ya Ajira Portal. Simu ndogo inatosha kusoma ujumbe, lakini kuskani vyeti na kuviambatisha kwenye fomu ya kurasa kadhaa ni kazi nyingine kabisa.

Asiyejua huenda saiba, yaani duka la intaneti la kulipia. Kijana wa saiba humjazia fomu upesi, mara nyingi akimfungulia barua pepe na kumchagulia nenosiri. Mwaka unaofuata mteja hakumbuki nenosiri, pengine hata anwani yenyewe haijui, na inabidi arudi pale pale alipe tena. Simlaumu kijana, maana amelipwa atoe fomu iliyojazwa na ameitoa. Maktaba ina lengo jingine: mwenye fomu aijaze kwa mkono wake, hata ikimchukua asubuhi nzima, na siri zake abaki nazo mwenyewe.

Kwa hiyo mafunzo mazuri huanzia chini kabisa: kushika kipanya, kuchapa jina, kufungua barua pepe, kutunga nenosiri ambalo jirani hawezi kulikisia, kutambua tovuti bandia inayojifanya ya serikali. Na kwa kuwa kompyuta ni ya wengi, mwanafunzi huzoezwa kukataa kivinjari kinapojitolea kumhifadhia nenosiri, kufuta nakala ya kitambulisho aliyoipakua, na kutoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka kitini. Mimi hili la mwisho ningelifundisha siku ya kwanza.

Mkutubi naye lazima afunzwe. Uingereza ilipounganisha maktaba zake za umma na intaneti kupitia People's Network, mpango uliokamilika mwaka 2002, sehemu ya fedha ilitengwa kwa mafunzo ya wafanyakazi wa maktaba.

Kuhusu malipo, Ilani ya Maktaba za Umma ya IFLA (shirikisho la kimataifa la maktaba) na UNESCO, ya mwaka 1994 na iliyorekebishwa 2022, inasema huduma hizi kimsingi ziwe bure. Hapa kwetu baadhi ya maktaba hutoza ada ndogo, na kuchapisha karatasi kwa kawaida hulipiwa, basi ni vyema kuuliza kwanza.

Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, lakini Katiba ya 2010 iliziweka maktaba kati ya majukumu ya kaunti. Bili ya intaneti na mshahara wa mkufunzi ni mambo ya bajeti ya kaunti, na mwananchi ana haki ya kuyasemea katika vikao vya maoni ya umma.