Kwa nini Excel humeza sifuri ya mwanzo?

Andika 0700000000 kwenye seli ya Excel, bonyeza Enter, utaona 700000000. Kwa miaka kadhaa niliamini sifuri ile imefichwa tu, na kwamba ukiigeuza seli kuwa Text (muundo wa maandishi) itajitokeza. Nilipokuwa katibu wa kikoba chetu niligeuza kolamu nzima ya simu za wanachama kuwa Text, nikasubiri. Hakuna kilichorudi. Nikakaa jioni nzima naongeza sifuri kwa mkono, mstari baada ya mstari.

Kosa langu lilikuwa kudhani seli inahifadhi nilichoandika. Haihifadhi. Ukishabonyeza Enter, Excel hukisoma ulichoandika na kukisia ni kitu gani: maneno, tarehe au namba. Ikiamua ni namba, hutunza kiasi, maandishi yako yakatupwa. Ni kama kumpelekea mtunza stoo magunia: anaandika daftarini "saba", na hata kama ulimwambia "sifuri saba", magunia ni yale yale. Kesho ukimuuliza ulitamkaje, hana pa kutazama. Kugeuza seli kuwa Text baadaye ni kumpa mtunza stoo yule daftari jipya; atanakili saba ile ile.

Ndiyo maana Text hufanya kazi ikichaguliwa kabla ya kuandika. Kwa seli moja moja, anza na alama ya ' kisha namba. Alama yenyewe haionekani kwenye seli.

Kama umeshachelewa, simu zinaokoleka, kwa sababu tunajua kilichopotea: sifuri moja, kila mstari. Kwenye kolamu ya pembeni andika ="0"&A2 (A2 ikiwa seli ya simu ya kwanza), kisha bofya mara mbili kwenye kimraba kidogo kilicho pembe ya chini ya seli. Fomula itateremka hadi mwisho wa orodha. Jioni yangu nzima ingekuwa sekunde kumi. Kuna wanaopendelea kubonyeza Ctrl+1 na kuweka muundo wa sifuri kumi, 0000000000. Inapendeza machoni, ila ni rangi tu juu ya kiasi kile kile. Word ikichota namba hizo kutengeneza barua, sifuri inaweza kupotea tena.

Namba ndefu zina balaa lao. Namba ya malipo yenye tarakimu 12 ikigeuka kuwa kitu kama 9.9E+11, usihofu: hapo imani yangu ya zamani ni sahihi, imefichwa tu, na muundo wa Number utaifichua. Lakini namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa Tanzania, ina tarakimu 20, na Excel hutunza 15 tu. Jaribu 12345678901234567890, kisha tazama kwenye upau wa fomula: 12345678901234500000. Tano za mwisho zimefutwa, na hakuna fomula ya kuzikisia. (Namba hiyo ikiandikwa na vistari vyake husalimika, maana Excel huiona kuwa maneno.)

Faili za CSV, yaani orodha zilizohifadhiwa kama maandishi matupu, hunasa wengi hapa. Ukiifungua kwa kuibofya mara mbili, ukisiaji hufanyika kabla hujagusa chochote. Iingize kupitia menyu ya Data, uitaje kolamu husika kuwa Text.

Wanasayansi nao hawakupona. Jeni ya binadamu iliyoitwa SEPT1 ilikuwa ikigeuzwa tarehe mosi Septemba, na MARCH1 tarehe mosi Machi. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayoidhinisha majina ya jeni ilitangaza kuyabadilisha: SEPTIN1 na MARCHF1. Microsoft waliongeza kitufe cha kuzima ukisiaji huo mwaka 2023. Majina ya jeni hayakurudishwa.