Tezi dume imeshatolewa, mbona naambiwa nirudi?

"Daktari aliniambia imetoka yote. Sasa mionzi ya nini?" Swali hili tunaulizwa kliniki mara kwa mara, na wapo wazee wanaouliza kwa hasira, wakiona wamedanganywa. Hawakudanganywa. Tezi ilitoka yote. Tunachohofia ni chembe za saratani ambazo huenda zilishavuka ukuta wa tezi kabla ya siku ya upasuaji, na hizo hakuna mpasuaji anayeziona kwa macho.

Nazungumzia mgonjwa wa hatari kubwa: Gleason (alama ya ukali wa saratani inayosomwa kwa darubini) 8 hadi 10, PSA (kipimo cha damu cha protini itokayo kwenye tezi dume) iliyozidi 20 kabla ya upasuaji, au uvimbe uliokwisha kutoka nje ya tezi. Jirani aliyekwanguliwa tezi iliyovimba tu, bila saratani, si kipimo chako. Tafadhali msifuate ushauri wake.

Tezi ikishatolewa, PSA inatakiwa ishuke hadi isisomeke, kwa kawaida chini ya 0.1, ndani ya wiki 6 hadi 8. Kwa hiyo ile safu ya karatasi ya maabara inayosema kawaida ni 0 hadi 4 haikuhusu tena. Hapa ndipo wengi wanapochelewa. Mzee anapata 0.9, anasoma "kawaida", anakunja karatasi anaitia mfukoni, anarudi nyumbani kwa furaha. Kwa mtu asiye na tezi, 0.2 iliyorudiwa na kuthibitishwa tunaihesabu kuwa ni saratani iliyorudi. Na mionzi hufanya kazi vizuri zaidi ikianza PSA ikiwa bado chini ya 0.5.

Je, kila mtu apigwe mionzi mara tu kidonda kinapopona? Hapana. Tafiti tatu zilizochapishwa mwaka 2020, mojawapo ikiwa RADICALS iliyoongozwa kutoka Uingereza, zilionyesha kuwa kwa wengi inatosha kufuatilia PSA kwa karibu na kuanza mionzi inapoanza kupanda. Anayesubiri hivyo huepuka usumbufu wa mkojo usio wa lazima. Ila wenye saratani kwenye tezi za limfu, au wenye Gleason ya juu pamoja na uvimbe uliotoka nje, walikuwa wachache katika tafiti hizo. Kwao jopo la madaktari linaweza kuamua mionzi mapema, na uamuzi huo ni wa jopo, si wa kundi la WhatsApp.

Mionzi mara nyingi huambatana na tiba ya homoni: sindano ya goserelini, dawa ya kushusha homoni ya kiume, kila siku 28 au kila wiki 12, kwa miezi 6 hadi miaka 2 kutegemea hali. Joto la ghafla litakuja, hamu ya tendo itapungua, mifupa na sukari vitahitaji kuangaliwa. Yaseme haya mapema, mwenza wako akiwepo. Kukaa kimya na kuacha sindano ya tatu hakumsaidii yeyote.

Siku ya kwanza njoo na barua ya rufaa, ripoti kamili ya patholojia, yaani ya uchunguzi wa tezi iliyotolewa (si muhtasari wa kuruhusiwa wodini, tunataka kuona kama kingo za tezi hiyo zilikutwa na saratani), majibu yote ya PSA yenye tarehe, na kadi ya bima kama unayo. Ukiweza, pima PSA maabara ileile kila mara. Asiye na ripoti ya patholojia hurudishwa kuitafuta, na hapo wiki zinapotea.

Ukianza, ni Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa, kibofu kikiwa kimejaa na choo kikiwa kimetoka, ili viungo vikae palepale tulipopima. Alama za wino tunazochora nyonga na chini ya kitovu usizisugue. Mzee mmoja alizitoa zote kwa dodoki na sabuni, akitaka aje msafi mbele ya wauguzi. Tulilazimika kumpima upya, na matibabu yake yakasimama siku hizo zote.

Alama ikififia, usiichore mwenyewe kwa kalamu. Mwambie fundi wa mionzi kabla hujapanda mezani.