Mjasiriamali hakuzaliwa na moyo wa kujitosa

Tumezoea kusikia kwamba mjasiriamali ni mtu anayependa hatari kuliko wengine. Si lazima iwe hivyo. Mwaka 1995, watafiti wa Marekani Leslie Palich na Ray Bagby waliwapa wajasiriamali na wasio wajasiriamali maelezo yaleyale ya biashara. Kwa kupenda hatari hawakupishana. Walipishana katika kuona. Pale wengine walipoona tishio, wajasiriamali walielekea zaidi kuona fursa.

Na jicho hilo hufunzwa na watu. Marafiki watatu wanaoshinda pamoja wakikwambia "soko lipo", huenda umesikia sauti moja mara tatu. Yule unayemfahamu kwa mbali tu, aliyewahi kufunga biashara kama unayotaka kuanzisha, ndiye anayejua wateja hukaa na deni miezi mingapi. Mimi ningeanza kwake.