Hadithi, filamu na habari haziunganishwi kwa neno moja

Nafundisha fasihi miaka mingi sasa, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili, mwalimu nawezaje kuunganisha dhamira ya hadithi fupi na filamu pamoja na haya tunayoyaona kwenye habari? Wengi wanakuja na jibu tayari mkononi: hadithi inahusu uongo, filamu inahusu uongo, kwenye habari kuna mkubwa fulani kadanganya, basi zimeungana. Hapana jamani. Uongo ni neno tu, kwa neno hilo unaweza kuunganisha kitu chochote na kitu chochote, na msomaji wako akimaliza hajapata kitu ambacho hakuwa nacho mwanzo.

Mimi huwa nauliza hivi: huyu mhusika alipofika pale pa kuchagua, alikuwa analinda nini? Hapo ndo pa kufungia kamba.

Chukua hadithi ya mwandishi wa Kijapani, Ryunosuke Akutagawa, ya mwaka 1922, Yabu no Naka, yaani ndani ya kichaka. Naifundisha karibu kila mwaka na bado inanisumbua. Ni fupi, imejaa ushahidi mtupu, watu saba wanaongea mmoja baada ya mwingine na hakuna msimulizi wa kukushika mkono. Samurai, yaani askari wa kikabaila wa Japani ya zamani, kakutwa amekufa kichakani. Mkata kuni aliyeikuta maiti, mtawa aliyepishana na mume na mke njiani, askari aliyemkamata jambazi, mama yake mke, hao wanne wanaweka msingi tu. Halafu wanakuja watatu waliobaki na hapo ndo moto unawaka. Jambazi Tajomaru, ambaye ameshamwingilia yule mke kwa nguvu, anasema nimemuua mimi. Mke anasema nimemuua mimi. Marehemu mwenyewe, roho yake ikiongea kupitia kwa mganga, anasema nimejiua.

Ona hapo, wote watatu wanasema ni mimi.

Darasani wanafunzi huwa wanakimbilia kusema "wanadanganya ili wasiadhibiwe", na huwa nawarudisha kwenye maandishi taratibu, soma tena, nani hapo anakwepa adhabu? Jambazi anajua kabisa kinachomsubiri, na bado anakwambia kwamba alimfungua samurai kamba ili wapigane kiume, na kwamba upanga wake ulimpata kifuani kwenye pigo la 23. Kaamua kulihesabu hadi pigo! Mke, yeye kinachomtesa ni yale macho ya mumewe baada ya yaliyompata, macho ya dharau, hayo ndo anayaeleza kuliko hata kisu anachosema alimchoma nacho. Na mume anataka tuamini alikufa kwa mkono wake, kwa heshima, sio kama mtu aliyetegwa kwa tamaa ya kununua panga za bei poa (maana ndivyo jambazi alivyomvuta hadi kichakani). Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha, ila hapa maiti kaja kujiosha mwenyewe.

Kwahiyo dhamira hapa ukiandika "uongo" umeipoteza. Andika sentensi nzima: mtu yuko radhi kubeba mauaji kuliko kubeba aibu. Sentensi nzima inakubana, na ndo raha yake, huwezi kuibandika popote unapotaka.

Sasa filamu. Mwongozaji wa Kijapani Akira Kurosawa aliichukua hadithi hii akaitengeneza filamu ya Rashomon mwaka 1950, na mwaka uliofuata ikachukua Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu kule Venice. Jina na lile geti bovu kwenye mvua ambapo filamu inaanzia vimetoka kwenye hadithi nyingine ya Akutagawa. Watu wengi wakilinganisha hadithi na filamu wanatafuta vinavyofanana, mimi nawaambia watafute alichoongeza mtu wa filamu, maana pale ndipo anapobishana na mwandishi. Kurosawa kaongeza vitu viwili vizito. Kwanza mkata kuni anatoa ushahidi wa pili, anasema alikuwepo na aliona, na kwa maelezo yake ule mpambano haukuwa wa kishujaa hata kidogo, ni wanaume wawili wanatetemeka, wanaanguka, wanakimbiana. Pili kuna mtoto mchanga ametelekezwa pale getini. Mtu mmoja anamvua mtoto nguo anaondoka nazo, na mkata kuni, ambaye mpaka hapo tumeshashuku kwamba kile kisu cha thamani cha yule mke kaiba yeye, ndiye anayemchukua mtoto akamlee pamoja na sita alionao nyumbani.

Akutagawa anatuacha gizani kichakani. Kurosawa anasema sawa, hatujui nani kaua, ila huyu mtoto analia sasa hivi, mnafanyaje? Hizo ni kauli mbili tofauti kabisa kuhusu maadili, na mwanafunzi anayeandika kwamba "filamu ina dhamira ileile ya hadithi" hajaona mtoto.

Kwenye habari ndo watu wanateleza zaidi. Kuna msemo umeenea kwa jina la filamu hii, kwamba kila mtu ana ukweli wake. Sikubaliani nao na nitaendelea kutokubaliana nao. Kumbuka kifo cha George Floyd, Mmarekani mweusi aliyekandamizwa shingoni kwa goti na askari polisi, Minneapolis, tarehe 25 Mei 2020. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema mwanamume amefariki baada ya tatizo la kiafya wakati akishughulikiwa na polisi, goti shingoni halikutajwa kabisa. Halafu ikatoka video iliyorekodiwa kwa simu na binti wa miaka 17 aliyekuwa amesimama pale, dunia nzima ikaona, na Aprili 2021 yule askari akakutwa na hatia ya mauaji. Wapita njia waliosimama pembeni siku ile walipoenda kutoa ushahidi mahakamani hawakutofautiana kama wale wa kichakani, walieleza kitu kimoja. Sasa mtu akiniletea insha anasema tukio hili ni Rashomon kwa sababu kulikuwa na maelezo mawili, namrudishia. Maelezo mawili sio ukweli mbili. Pia kamba inakatika sehemu nyingine: wale wa Akutagawa wanajibebesha kosa, ile taarifa iliondoa kosa. Kinachoungana ni kile kinacholindwa tu, yaani sura mbele ya watu. Hilo liandike, na pale kamba inapokatika napo paandike, usipafiche, kwa sababu hapo ndipo msomaji anajua umefikiri.

Kuna hatari ya upande wa pili pia. Mwandishi Mmarekani Shirley Jackson alipochapisha The Lottery kwenye jarida la The New Yorker mwaka 1948, hadithi ya kijiji kinachochagua kwa bahati nasibu nani apigwe mawe, alipokea barua zaidi ya 300, na alieleza baadaye kwamba wengine walitaka kujua hizo bahati nasibu zinafanyikia wapi na kama mtu anaweza kwenda kutazama. Walichukua hadithi kama habari. Mimi hiyo huwa naisoma mara mbilimbili.

Turudi kichakani, maana kuna kitu sikukisema. Hakimu hasikiki. Kwenye hadithi maswali yake hayajaandikwa, kwenye filamu hatumuoni wala hatumsikii, mashahidi wamekaa chini wanaangalia kamera, wanatuangalia sisi. Ukishaliona hilo, utafiti wa wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer wa mwaka 1974, kuhusu neno la muulizaji linavyogeuza kumbukumbu ya anayejibu, unakuja wenyewe. Walionyesha watu filamu fupi ya magari yakigongana. Watu 50 waliulizwa magari yalikuwa na spidi gani yalipogongana, wengine 50 wakaulizwa yalipopondana. Baada ya wiki wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kundi la kwanza 7 walisema ndiyo, kundi la pili 16. Vioo vilivyovunjika havikuwepo kabisa kwenye ile filamu.

Zoezi langu la mwisho kwa hadithi hii ni kwamba kila mmoja aandike ushahidi wa nane. Wengi wanaandika wa farasi, au wa kisu. Kuna dada mmoja hakuandika ushahidi, aliandika maswali ya hakimu tu, saba, moja kwa kila shahidi. La mke lilikuwa "Ulimuua kwa nini?" Alipolisoma kwa sauti mbele ya wenzake alinyamaza, akalikata kwa kalamu, akaandika juu yake "Ulifanyiwa nini?" Akaomba turudie kusoma ushahidi wa yule mke kuanzia mwanzo.